Kitabu Kinunuliwe Baada ya Kufunguliwa

Mwaka 1979 Allen Kent na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Marekani, walichapisha utafiti uliozua mabishano makali. Walifuatilia vitabu vilivyoingia katika maktaba ya chuo hicho mwaka 1969, wakakuta karibu 40% havikuazimwa hata mara moja katika miaka sita ya mwanzo. Fedha zimekwisha kutoka, msomaji hajatokea.

Kwa vitabu vya karatasi hasara hiyo ilikuwa ngumu kuepukika, kwani kitabu kisichokuwapo rafuni msomaji hawezi kukipekua. Vitabu vya kielektroniki vilifungua njia nyingine, na kampuni ya EBL ya Australia ni miongoni mwa zilizoitengeneza vizuri. Mkutubi anapanga vigezo: masomo yanayofundishwa, mwaka wa uchapishaji, kikomo cha bei. Muuzaji anamletea taarifa za vitabu vinavyofaa, naye anaziingiza kwenye katalogi kabla ya kulipa chochote. Mwanafunzi akikipekua kitabu kwa dakika chache, ni bure. Akiendelea kusoma, maktaba inalipa ada ya kuazima kwa siku moja, ambayo ni sehemu ndogo ya bei. Maktaba yenyewe inaamua azima ya ngapi itageuka ununuzi; nyingine ziliweka ya nne. Msomaji haoni lolote kati ya hayo. Hajazi fomu wala hasubiri idhini ya mtu, na kwangu mimi hilo ndilo jambo jema kuliko yote katika mpango huu.

Tupige hesabu ya mfano. Vitabu 100 vya dola 100 kila kimoja vinagharimu dola 10,000 vikinunuliwa kwa pamoja. Tuseme 40 havifunguliwi kabisa, 40 vinaazimwa mara moja tu, na 20 vinafikia azima ya nne na kununuliwa. Ada ikiwa 10% ya bei, vile vya mara moja vinakula dola 400, na vilivyonunuliwa dola 2,600 pamoja na azima tatu za kila kimoja. Jumla ni dola 3,000. Si ajabu kwamba Julai 2011 muungano wa Orbis Cascade, wenye maktaba 36 za vyuo vya kaskazini-magharibi mwa Marekani, ulianza kununua hivyo kwa mfuko mmoja.

Lakini akiba ya maktaba ilikuwa pengo katika mapato ya mchapishaji. Gharama za kuhariri na kupanga kurasa hulipwa kabla kitabu hakijatoka, na vitabu vya kitaaluma vilitegemea maktaba zinunue mapema. Sasa fedha zilikuja kwa matone. Mwaka 2014 wachapishaji wengi wakapandisha ada za kuazima kwa kiasi kikubwa, na baadhi wakaviondoa vitabu vipya kwenye utaratibu huo. Rudia hesabu yetu kwa ada ya 30%: dola 3,000 zinakuwa 5,000. Bado ni nafuu kuliko kununua vyote, lakini maktaba iliyokwisha kupanga bajeti ya mwaka kwa ada ya zamani ilibaki bila fedha katikati ya muhula. Maktaba nyingine zililazimika kuondoa vitabu kwenye katalogi ili matumizi yapungue. Siwalaumu wachapishaji kwa kutaka kulipwa. Kosa lilikuwa kujenga mpango mzima juu ya ada ambayo upande mmoja ungeweza kuibadilisha.

Ndiyo maana naupenda zaidi utaratibu uliofuata, wa kuchagua kwa ushahidi wa matumizi. Maktaba inaweka kiasi maalumu kwa mchapishaji, wasomaji wanafunguliwa orodha yake kwa mwaka mmoja, kisha mkutubi anatazama takwimu na kuchagua vitabu vya thamani hiyo vibaki mali ya maktaba. Mchapishaji anajua atapata nini, na maktaba inajua itatoa nini. Tena mkutubi anaweza kuokoa kitabu cha fani ndogo kilichosomwa na watu wawili tu, jambo ambalo mtambo wa azima ya nne haulifanyi.

Lakini ili kitabu kibaki mali ya maktaba, sharti muuzaji akubali kukiuza. EBL ilinunuliwa na kampuni ya ProQuest mwaka 2013, nayo ProQuest ikaingia mikononi mwa kampuni ya Clarivate mwaka 2021. Februari 2025 Clarivate ilitangaza kuacha kuziuzia maktaba vitabu vya kumiliki daima na kuhamia kwenye usajili. Wakutubi walipaza sauti, na kampuni ikausogeza mwisho wa mauzo hayo hadi Juni 30, 2026. Kwa usajili, maktaba ikikosa fedha mwaka mmoja, hata kitabu kilichosomwa kuliko vyote kinaondoka kwenye katalogi.