Wa Waifai Kataa

Tekken 7 ina sheria ambazo hazijaandikwa popote: ukishinda, mpe mwenzako marudiano, ukizidiwa, usichomoke kabla mechi iishe. Hapo sawa. Lakini tangu 2020 gemu inaonyesha kama mpinzani anatumia waya au waifai, na wachezaji wengi wakaongeza yao: wa waifai kataa. Sasa kijana wa Salama, hapo Mombasa Road, anayetegemea bando za simu, anahukumiwa kabla arushe ngumi. Stima ikipotea, anaitwa mwoga. Ni kweli, mechi ikikwamakwama inaudhi. Ila ni gemu hii hii iliyomfanya Sylvia Gathoni, yaani QueenArrow, asajiliwe na timu ya nje, UYU, 2018. QueenArrow mwingine akiwa Salama, tutamjuaje kama hakuna anayekubali kucheza naye?