Majina ya Safuwima: Kazi Safi Hutambuliwaje

Faili za takwimu za afya zilizokusanywa Tanzania na Kenya chini ya mpango wa DHS (Demographic and Health Surveys) huja na safuwima zenye majina kama v012, v025 na v201. Ya kwanza ni umri wa mwanamke aliyehojiwa, ya pili ni makazi yake, mjini au kijijini, ya tatu ni jumla ya watoto aliowazaa. Kabla ya hesabu yoyote mchambuzi huyabadilisha majina hayo, na mistari hiyo michache ya msimbo yatosha kumpima.

Kwanza itazamwe njia. Kwenye pandas, maktaba ya Python iliyoanzishwa na Wes McKinney mwaka 2008, wengi huandika df.columns = [...] na kuyapanga majina mapya kwa mfuatano. Ni njia fupi, na ni mbovu. Faili jipya likija na v025 mbele ya v012, idadi ya safuwima ikiwa ileile, programu haitalalamika: 1 ya mjini na 2 ya kijijini zitasomwa kama umri. Kazi ya kuaminika hutaja jina la zamani kando ya jipya:

df = df.rename(columns={"v012": "umri_miaka", "v201": "watoto_waliozaliwa"}, errors="raise")

Kipande cha mwisho ndicho cha kutafutwa kwanza. Kisipokuwepo, pandas hulipita jina isilolipata na kuendelea kimyakimya. Kikiwepo, kazi husimama palepale kwa KeyError. Watumiaji wa R wana nafuu, kwani rename ya maktaba ya dplyr hugoma yenyewe. Ila huko jina jipya hutangulia la zamani, na wanaohamia kutoka Python hujikwaa hapo.

Kisha yasomwe majina yenyewe. "watoto" peke yake halifai, maana faili hilohilo lina v218, watoto walio hai. Tofauti kati ya v201 na v218 ni watoto waliofariki. Anayezichanganya amefuta vifo hivyo kwenye ripoti, na hilo ni kosa zito kuliko msimbo wowote usiopendeza. Safuwima hizo mbili zikipewa jina moja, pandas huzipokea bila neno.

Mtihani mgumu zaidi ni v005, uzani wa sampuli, uliohifadhiwa ukiwa umezidishwa mara milioni. Fundi makini huuita uzani_ghafi, na jina "uzani" huipa safuwima mpya iliyokwisha kugawanywa kwa 1,000,000.