Mkazo bila silabi

Kitabu cha Noam Chomsky na Morris Halle, The Sound Pattern of English (New York, 1968), chastahili heshima kwa jambo moja kubwa: kilionyesha kwamba mkazo wa maneno ya Kiingereza una kanuni. Mwaka 1951 Trager na Smith walikuwa wameuhesabu mkazo miongoni mwa fonimu, wakaugawa katika daraja nne. Chomsky na Halle walikataa kuishia hapo, wakatafuta sababu. Katika nomino «agenda» mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kwa kuwa irabu yake hufuatwa na konsonanti mbili. Katika «aroma» huangukia papo hapo, kwa kuwa irabu ni ndefu. Lakini katika «America» irabu ya mahali hapo ni fupi na hufuatwa na konsonanti moja tu, basi mkazo hurudi nyuma hatua moja.

Hata hivyo, kasoro iko katika msingi wenyewe. Maelezo hayo yamehitaji neno silabi, ilhali katika kanuni za waandishi silabi haimo. Zimo irabu na konsonanti tu. Neno «algebra» lafichua udhaifu huo. Baada ya irabu fupi zipo konsonanti mbili, b na r, na bado mkazo hurudi mwanzoni. Ikabidi kanuni iongezewe kifungu cha kuisamehe r. Mwenye kuligawa neno kwa silabi, al-ge-bra, hahitaji msamaha huo: br hufungua silabi ya mwisho, na ge hubaki nyepesi.

Kiswahili chatoa ushahidi mwingine. Katika «mtu» na «nchi» mkazo hukaa juu ya m na n, sauti zisizo irabu lakini zilizo silabi kamili. Waandishi walichunguza Kiingereza, wala hawalaumiwi kwa kutotaja «mtu». Ila sehemu ya nne ya kitabu yadai kueleza fonolojia ya lugha zote, na hapo nadharia iutundikayo mkazo juu ya irabu peke yake haitoshi.

Tasnifu ya Daniel Kahn (1976) iliirudisha silabi, na mwaka 1977 Liberman na Prince walieleza mkazo kuwa uhusiano baina ya silabi yenye nguvu na iliyo dhaifu. Kitabu cha 1968 kingali chafaa kusomwa, mradi msomaji akigawe kila kielelezo kwa silabi kabla ya kuikubali kanuni.