Pampu ya Mgongoni: Dozi Ndogo, Hatari Ndogo?

Ukisoma maelezo ya pampu za dawa zinazopandikizwa mwilini kwa ajili ya maumivu sugu, hutakosa hesabu hii: miligramu 1 ya mofini ikiingia moja kwa moja kwenye maji ya uti wa mgongo hukadiriwa kufanya kazi ya miligramu 300 za kumeza. Sibishani na hesabu. Nabishana na hitimisho linalobebwa mgongoni mwake: dozi ndogo, basi hatari ndogo.

Pampu hukaa chini ya ngozi ya tumbo, na mrija mwembamba hupeleka dawa mgongoni. Mrija unaweza kujikunja, kuchomoka au kupasuka, na mota inaweza kusimama. Siku ya kujaza pampu, sindano ikikosa tundu, dawa ya wiki nyingi humwagika chini ya ngozi kwa mkupuo, na mgonjwa anaweza kushindwa kupumua.

Ila kinachonitisha zaidi ni uvimbe. Mofini kali ikidondoka miezi na miaka mahali pale pale, kwenye ncha ya mrija panaweza kuota uvimbe unaokandamiza uti wa mgongo, hata miguu ipooze. Dalili ya mwanzo mara nyingi ni nini? Maumivu kurudi. Daktari asiposhtuka, anaongeza dozi, kumbe ndiyo inayoulisha ule uvimbe!

Sasa tuje kwenye ushahidi. Utafiti unaotajwa sana ni wa Smith na wenzake, uliochapishwa 2002: wagonjwa 202 wa saratani, waligawanywa kwa bahati nasibu. Waliopata nafuu kwa vigezo vya utafiti walikuwa asilimia 84.5 kwenye kundi la pampu na 70.8 kwenye kundi la matibabu ya kawaida. Safi. Lakini kipimo hicho kikuu kilichukuliwa baada ya wiki 4! Uvimbe wa kuota kwa miezi utauonaje hapo?

Kwa mgonjwa wa saratani ambaye vidonge vimemshinda, biashara hiyo inaeleweka. Kwa mtu wa miaka 40 mwenye maumivu ya mgongo, atakayeishi na pampu miongo kadhaa, kumwonyesha matokeo ya wiki 4 si kumshauri. Ni kumuuzia. Kwa hiyo ukikutana na ile hesabu ya 300, uliza maswali mawili: walipimwa wagonjwa gani, na kwa muda gani?