Jumba la Shiwa Ng'andu na Tanuri la Wafipa

Kusini mwa Kaengesa, mbali ng'ambo ya mpaka wa Zambia, lasimama jumba la Shiwa Ng'andu. Mwingereza Stewart Gore-Browne aliliona ziwa la mahali hapo mwaka 1914. Kuanzia 1920 akajijengea kando yake makao kwa mfano wa majumba ya mabwana wa mashamba kwao Uingereza, yenye ghorofa, mnara na maktaba.

Walisifuo husema limeoana na nchi, maana matofali na vigae vyake vilichomwa papo hapo. Sifa hiyo haitoshi. Udongo ni wa mahali, lakini umbo ni la ugenini.

Wafipa nao walijenga kwa udongo. Tanuri lao la kuyeyushia chuma, ilungu, lilisimamishwa kwa udongo wa kichuguu, likapita kimo cha mtu, na matundu ya chini yakavuta hewa pasipo mivukuto. Hapo umbo lilizaliwa na kazi. Shiwa Ng'andu lilizaliwa na kumbukumbu ya mtu mmoja.

Hata hivyo, jumba hilo si la kudharauliwa. Kuta zake zilinyoshwa na mafundi Waafrika, wakijenga kitu ambacho macho yao hayajapata kukiona. Gore-Browne alifariki mwaka 1967, akazikwa kwa heshima za taifa, na sifa ya jumba ikabaki kwake. Mhakiki mwenye haki na aanze kulisoma kwenye tofali, ndipo apande mnarani.