Vuli Yetu Ina Kumbikumbi

Mpwa wangu ana miaka kumi na anaishi Homa Bay mjini. Oktoba iliyopita aliandika insha kuhusu siku aliyoifurahia pamoja na ndugu yake. Jua lilichomoza kwa madaha, ndege wakaimba nyimbo tamu, na kufikia aya ya pili majani mekundu na ya manjano yalikuwa yakidondoka kutoka mitini kwa sababu yalikuwa majira ya vuli. Yeye na ndugu yake wakayarundika majani hayo yakawa kama kilima, wakajirusha juu yake. Alipata alama nzuri sana. Nilipomuuliza hayo majani aliyaona wapi, alinijibu bila wasiwasi: "Si kwa kitabu, anko."

Wiki hiyo hiyo nilikuwa kwao. Mvua ilikuwa imenyesha mchana, na usiku kumbikumbi wakatoka kwa maelfu wakaizingira taa ya nje. Watoto waliweka beseni la maji chini ya taa, wakawa wanaokota walioanguka, wengine wakiishia mdomoni wakiwa hai. Asubuhi veranda ilikuwa imejaa mbawa. Mpwa wangu akamweleza mdogo wake kwamba zile ni tiketi. Kumbikumbi ni abiria wa basi la usiku kutoka mji ulio chini ya ardhi. Wakishafika steji hawana haja nazo tena, wanazitupa. Mdogo akataka kujua nauli ni pesa ngapi na konda ni nani. Walibishana hadi chai ikapoa.

Sasa, kati ya hizo mbili, ipi ndiyo hadithi? Nilimuuliza kwa nini hakuandika ile ya tiketi. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa swali la ajabu. "Hiyo si hadithi," akasema. "Haina funzo."

Jibu hilo limenikaa kichwani tangu siku hiyo, kwa sababu lina mambo mawili ambayo mtoto huyu hakuyabuni mwenyewe. La kwanza ni kwamba maajabu yana anwani, na anwani hiyo si Homa Bay. La pili ni kwamba kisa kisichokuwa na funzo mwishoni hakistahili kuandikwa. Ameyapata kwa vitabu, na kwa sisi tunaomsomea vitabu. Nadhani yote mawili si kweli, na ushahidi uko pale pale kwao.

Tuanze na neno lenyewe. Vuli halikubuniwa kutafsiria kalenda ya Ulaya. Ni neno la pwani, na maana yake ni mvua fupi za kati ya Oktoba na Desemba. Hadi leo mamlaka ya hali ya hewa ya Tanzania hutoa utabiri wa mvua za vuli kila mwaka. Watafsiri walipohitaji jina la msimu ambao miti ya Ulaya hupukutisha majani, wakalikopa hilo, maana miezi inakaribiana. Matokeo yake ni kichekesho kidogo: neno la mvua na mbegu zinazoota limegeuzwa kuwa neno la majani yanayokufa. Waluo wa Homa Bay na Migori nao wana jina la msimu wao wa mvua za pili. Wanauita opon, na chwiri ni zile mvua ndefu za mwanzo wa mwaka. Kwa hiyo mpwa wangu alikuwa na maneno mawili ya msimu aliokuwa ndani yake, na bado akaandika kuhusu msimu wa watu wengine.

Sisemi mtoto wa Homa Bay asisome kuhusu theluji. Asome, tena sana. Shida ni pale theluji na majani mekundu yanapokuwa ndiyo sura pekee ya utoto wenye furaha anayoikuta kwenye karatasi. Kurukia rundo la majani ni mchezo wa kawaida wa nyumbani kwa mtoto wa huko. Hauna funzo lolote, na hakuna anayeudai. Mwandishi wa huko amempa mtoto wake ruhusa ya kucheza tu ndani ya kitabu. Wetu tunampa sungura, fisi na maswali matano ya ufahamu.

Mtu atasema ngano zetu zimekuwa za mafunzo tangu zamani, na hicho ndicho kiini chake. Nakubali nusu. Hebu tuangalie mbili zinazojulikana sana katika kaunti hii.

Ziwa Simbi liko karibu na Kendu Bay. Ni ziwa dogo la magadi ndani ya shimo la volkano, na flamingo hulitembelea. Jina lake kamili, Simbi Nyaima, linasema kwamba kijiji cha Simbi kilizama. Wasimulizi hutofautiana hapa na pale, lakini mfupa wa kisa ni mmoja. Bibi kizee mwenye njaa alifika usiku wa sherehe, akafukuzwa. Mwanamke mmoja tu alimhurumia, naye akaambiwa aondoke haraka. Mvua ikanyesha, kijiji kikazama. Siku hizi tukiisimulia, darasani au kwa mgeni aliyekuja kupiga picha flamingo, tunakimbilia mwisho: kuweni wakarimu. Lakini tazama kisa kimejengwa kwa nini. Hakuna mfalme wala joka. Kuna mlango, moto, chakula kilichobaki, na mtu anayebisha hodi usiku watu wakiwa hawana muda naye. Ni jambo linaloweza kutokea katika boma lolote.

Upande wa Gwassi, karibu na Nyandiwa, kuna kisa cha Nyamgondho wuod Ombare, mvuvi maskini aliyenasa mwanamke ziwani. Mwanamke huyo alimletea ng'ombe, mbuzi na utajiri. Siku moja mume akarudi amelewa, akamtukana, akamkumbusha alikomtoa. Mwanamke akainuka, akatembea kurudi majini, na mifugo yote ikamfuata. Nyamgondho alibaki amesimama ufuoni akageuka mti. Funzo tunalolitoa hapo ni pombe mbaya na mke aheshimiwe. Sawa kabisa. Ila mtoto yeyote aliyewahi kulala macho wazi akisikiliza wazazi wakigombana chumba cha pili anakijua kisa hiki kabla hajasimuliwa. Anajua mlango unavyogongwa na mtu aliyelewa. Anajua pia hofu ya kuamka asubuhi na kukuta mama ameondoka na vitu vyake. Kwake yeye hiki si kisa cha zamani, na labda anachotaka kuuliza ni kama kuku walitaka kwenda.

Kwa hiyo maajabu ya pande hizi hayakuwahi kuhitaji nchi ya mbali. Yalianzia mlangoni na jikoni. Tulichofanya sisi, tulipoyahamishia kwenye vitabu vya shule, ni kubakisha hukumu na kuondoa nyumba. Na pamoja na nyumba tukawaondoa watoto.

Grace Ogot hakufanya kosa hilo. Katika "The Rain Came", iliyomo katika mkusanyiko wake Land Without Thunder wa 1968, Oganda, binti wa chifu, ametolewa kafara kwa zimwi la ziwani ili mvua inyeshe. Wengi tunaikumbuka kwa huzuni ya baba na kwa Osinda, kijana anayemwokoa. Mimi nakumbuka zaidi tukio dogo njiani. Oganda akiwa anaelekea kifo chake, mtoto mdogo anamjia akampa kipuli cha sikio. Anamwomba ampelekee dada yake aliyekufa wiki iliyopita, maana alikisahau. Oganda hajui acheke au alie.

Tukio hilo halisukumi kisa mbele hata hatua moja. Ukiliondoa, Oganda bado atafika ziwani na mvua bado itanyesha. Halina funzo. Lakini ndilo lililo hai kuliko yote, kwa sababu Ogot amemwachia mtoto afikiri kama mtoto: kama kuna mtu anasafiri kwenda huko, basi abebe mzigo. Ni akili ile ile ya tiketi za kumbikumbi. Wakubwa katika hadithi wanaona kafara, mtoto anaona usafiri. Bila yeye tungemlilia Oganda kama tunavyolilia mtu wa ngano. Akiwepo yeye, tunamlilia kama jirani.

Kuna ushahidi mwingine ninaoupenda, nao uko mwishoni kabisa mwa masimulizi ya Kiluo. Asenath Bole Odaga, aliyekusanya ngano hizi na kuwaandikia watoto kwa miaka mingi, aliuita mkusanyiko wake wa 1980 Thu Tinda!, kwa maneno ambayo msimuliaji humalizia kisa. Baada ya maneno hayo msimuliaji hujiombea akue, arefuke kama mti wa kwa mjomba wake. Ona hapo: kisa kinafungwa kwa ombi la kukua. Funzo, kama lipo, mtoto atalala nalo apambane nalo mwenyewe. Hii sentensi ya "hadithi hii inatufunza kwamba" haikutoka kwa dani kwenye kibanda chake. Ilitoka kwenye karatasi ya mtihani.

Na tukitaka mfano wa kitabu cha watoto cha Afrika Mashariki kilichothubutu kuacha mahubiri, tunao. Barbara Kimenye aliandika vitabu vya Moses, na wasomaji wa vizazi kadhaa Kenya na Uganda wamecheka na yule kijana wa bweni anayeingia matatani kila siku. Moses hatubu vizuri. Vitabu vikapendwa kwa sababu hiyo hiyo. Lakini Moses yuko shuleni, mbali na nyumbani. Kitabu cha namna hiyo kuhusu nyumbani, cha mvua za Oktoba, likizo ya Novemba na binamu sita kwenye godoro moja, bado tunakidai.

Vifaa vipo. Nenda Thimlich Ohinga, Migori. Vitabu vitakwambia ni kuta za mawe zilizopangwa bila saruji, huenda tangu karne ya 16, nyingine zikipita mita 4 kwa urefu, na kwamba UNESCO iliziingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018. Habari nzuri. Ila milango yake ni mifupi. Mtu mzima huinama kuingia, na mtoto wa miaka sita hupita wima. Hapo pekee pana kitabu kizima: boma lililojengwa kwa kimo chako, huku baba akigonga kichwa.

Najua utoto wa huku si mchezo mtupu. Kuna kuchota maji, kuna viboko ufuoni, kuna kichocho, kuna karo. Mwandishi atakayeficha hayo atakuwa anadanganya kwa njia nyingine. Lakini watoto hucheza katikati ya hayo hayo, wala hawasubiri umaskini uishe kwanza. Mchana wa mvua hupigapiga vijiti ardhini ili wadudu wadhani ni mvua, watoke. Hiyo ni kazi, ni chakula, na ni uongo mtamu wanaowadanganya kumbikumbi, yote kwa mpigo.

Sina haki ya kuwalaumu waandishi na wachapishaji peke yao. Mwaka juzi nilimpeleka mpwa wangu huyu Simbi. Tulisimama ukingoni nikamsimulia ya bibi kizee, na nilipofika kwenye mvua akanikatiza: "Na watoto walikuwa wapi? Walikuwa wamelala?" Nikamwambia asikilize kwanza, maswali baadaye. Nilikuwa na haraka ya kufika kwenye ukarimu. Baadaye yenyewe haikufika, tukapanda matatu tukarudi, na alipoketi kuandika insha akachagua majani mekundu.

Nimempigia simu wiki hii kumwambia kwamba swali lake lilikuwa zuri, na kwamba sina jibu. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema anadhani hawakuwa wamelala. Walikuwa nje wanashika kumbikumbi, kwa sababu mvua ilikuwa inakuja, kwa hivyo labda wao hawakuzama.

Nimemwomba aiandike, na asiweke funzo.