Hadhira Inayosikia: Funzo kutoka Chennai na Nile Magharibi

Katika mitihani ya fasihi simulizi liko swali linalorudi kila mara: eleza nafasi ya hadhira katika utendaji. Majibu nayo hufanana. Hadhira hupiga makofi, huitikia kibwagizo, hucheka, huuliza maswali na kumtia fanani moyo. Mwanafunzi anayeandika hayo hupata alama zake, na hakuna la uongo alilosema. Hata hivyo, majibu hayo yanaichukulia hadhira kama kundi la wasaidizi tu, kana kwamba kazi yenyewe imekwisha kukamilika kinywani mwa fanani. Makala haya yanashikilia kwamba ziko sanaa zisizokamilika bila msikilizaji aliyefunzwa, na kwamba sanaa za namna hiyo zinapofifia, masikio hufa kabla ya ala. Tutatazama mifano miwili: muziki wa Karnatiki wa India Kusini, na muziki wa Nile Magharibi nchini Uganda, eneo la Arua, Koboko, Moyo na vijiji kama vya Logiri.

Msikilizaji wa Chennai

Mji wa Chennai, zamani Madras, huwa na msimu mkubwa wa muziki kila Desemba. Taasisi yake maarufu zaidi, Music Academy, ilifunguliwa mwaka 1928. Katika onyesho la kawaida mwimbaji huketi jukwaani akiwa na mpiga fidla upande mmoja na mpiga mridangam, ngoma ya nyuso mbili, upande wa pili. Nyuma yao tambura hutoa sauti ya msingi isiyokoma. Mpangilio wa onyesho unaofuatwa hadi leo unahusishwa hasa na mwimbaji Ariyakudi Ramanuja Iyengar (1890–1967): kwanza utunzi wa kuchangamsha sauti, kisha tungo za uzito mbalimbali, halafu utunzi mmoja mrefu ulio kiini cha jioni nzima, na mwishoni nyimbo nyepesi na wimbo wa kuagia.

Mgeni akiingia ukumbini ataona jambo moja upesi. Wasikilizaji wanahesabu. Mdundo uitwao adi una mapigo 8, na wengi huuweka kwa mkono juu ya paja: kiganja kinapiga, vidole vitatu vinafuata kimoja kimoja kuanzia kidole cha mwisho, kisha kiganja kinapiga na kugeuzwa, kinapiga tena na kugeuzwa. Hakuna anayewaamuru. Wanahesabu kwa sababu bila kuhesabu watakosa nusu ya kinachotendeka. Mwimbaji huchukua mstari mmoja wa utunzi, akaubunia mahadhi mapya papo hapo, akaenda mbali nao, na kila mara anapaswa kurudi penye silabi ileile katika pigo lilelile. Anayehesabu anajua kwamba zimebaki pigo mbili na mwimbaji bado yuko mbali, moyo unamdunda. Asiyehesabu anasikia sauti tamu tu.

Kabla ya utunzi mkuu kuna sehemu iitwayo alapana, ambamo mwimbaji hana maneno wala mdundo. Anaifungua raga polepole, sauti baada ya sauti. Wasikilizaji wazoefu huitambua raga kwa vifungu vichache vya mwanzo, nao husubiri sauti fulani wanayojua kwamba lazima ije. Mwimbaji naye anajua kwamba wanajua. Anaichelewesha, anaizunguka, kisha anaitua. Hapo husikika “sabash!” au “besh!” kutoka safu za mbele. Sifa hiyo hutolewa palepale ufundi ulipotokea, wala haisubiri mwisho wa wimbo. Makofi ya mwisho humwambia fanani kwamba amependwa. “Sabash” ya katikati humwambia kwamba amesikika.

Tusiwatie wasikilizaji hao chumvi. Inajulikana sana kwamba mpiga mridangam anapoachiwa nafasi ya kupiga peke yake, wapo wanaoinuka kwenda kununua kahawa na vitafunio. Wanaondoka wakati ambapo hesabu ya mapigo imekuwa ngumu kuliko wakati wowote. Hata Chennai sikio hufunzwa, na si kila aliyekata tiketi analo.

Msikilizaji wa Nile Magharibi

Sasa tuvuke bahari. Miongoni mwa jamii za Nile Magharibi, wakiwamo Waalur na Walugbara, ziko tarumbeta ziitwazo agwara. Hupulizwa ubavuni, kama siwa ya Lamu, na hupigwa kwa makundi, za urefu tofauti. Kila tarumbeta ina sauti yake moja au mbili tu. Mpigaji hana wimbo mzima mkononi. Ana kipande, naye hukitia mahali pake kati ya vipande vya wenzake. Wimbo mzima uko wapi, basi? Uko katika masikio ya wanaosikiliza na miguu ya wanaocheza. Sikio ndilo linaloviunga vipande vikawa mahadhi. Asiyezoea husikia kelele za furaha. Aliyezoea husikia wimbo na humjua aliyechelewa.

Jambo hili lina uzito wa pekee mahali ambapo lugha zenyewe ni za toni. Katika Kilugbara na Kimadi, kupanda na kushuka kwa sauti hutenganisha neno na neno. Mtoto anayekua akizisema amezoea tangu utotoni kutafuta maana katika kimo cha sauti. Sisi tunaofundisha Kiswahili, lugha isiyo na toni za namna hiyo, tunaingia darasani Arua mbele ya wanafunzi wenye masikio makali kuliko tunavyodhani.

Mwaka 2016 UNESCO iliuingiza muziki na ngoma ya o'di, kinubi cha bakuli cha Wamadi, katika orodha ya turathi zinazohitaji kuhifadhiwa kwa dharura. Ni ala iliyo jamaa ya nyatiti ya Wajaluo. Imetumika harusini, misibani, wakati wa mavuno, katika kuwafunza watoto na kupatanisha waliogombana. Sababu za hatari zilizotajwa ni pamoja na vijana kuiona ya kizamani, na kuadimika kwa mimea na wanyama wanaotoa vifaa vya kuitengenezea. Tiba inayokuja haraka akilini ni kutengeneza ala zaidi na kufundisha wapigaji zaidi. Tiba hiyo ni njema lakini ni nusu. Mpigaji mmoja aliyefunzwa vizuri, akiwapigia watu mia wasiojua wanachosubiri, hana wa kumchelewesha sauti wala wa kumtulia.

Jukwaa na kile kinachopotea

Hapa ndipo tunapopaswa kuhakiki utaratibu wetu wenyewe. Leo vijana wengi hukutana na ngoma za asili kwenye mashindano ya shule. Kila kundi hupewa dakika chache, mavazi yanalingana, safu zimenyooka, na waamuzi wana karatasi. Mashindano haya yameokoa mengi ambayo yangesahaulika, na walimu wanaoyaandaa wanastahili shukrani. Lakini yanafundisha utendaji peke yake. Wanafunzi wa shule nyingine waliokaa pembeni wanangoja zamu yao. Anayesikiliza kwa makini ni mwamuzi, naye husema baadaye, kwa alama. Ngoma iliyokuwa mazungumzo imegeuzwa kuwa hotuba.

Tofauti na Chennai si ndogo. Kule msikilizaji huketi na kutumia mkono. Huku huinuka, huimba, hulia, huingia uwanjani. Hata hivyo, wote wawili wana ujuzi wa kitu kimoja: wanajua kinachopaswa kufuata. Ujuzi huo ndio unaomwezesha fanani kuwashtua. Mshairi wa taarabu anaufahamu vyema. Fumbo lake halina makali hadi mtu fulani ukumbini ajue limemlenga nani, akainuka kwenda kumtunza mwimbaji mbele ya macho ya watu. Maana ya wimbo imekamilishwa na miguu ya aliyeinuka.

Pingamizi moja

Huenda msomaji akauliza: je, hadhira ya wajuzi haiwi ukuta wa kuwafungia wengine nje? Swali ni la haki. Mwimbaji wa Chennai T. M. Krishna, aliyepata Tuzo ya Ramon Magsaysay mwaka 2016, amepinga kwa miaka mingi jinsi muziki wa Karnatiki ulivyohodhiwa na tabaka la Wabrahmani, jukwaani na vitini. Suala la lugha nalo lipo. Tyagaraja (1767–1847), mtunzi anayeheshimiwa kuliko wengi, aliishi katika nchi ya Kitamili lakini akatunga hasa kwa Kitelugu. Katika miaka ya 1940 vuguvugu la kudai nyimbo za Kitamili lilipata nguvu, kwa kuwa watu walichoka kuimbiwa nyumbani kwao kwa lugha isiyo yao. Kwetu pia taarabu ya Unguja iliimbwa kwanza kwa Kiarabu, hadi sauti ya Siti binti Saad ikaipeleka kwa Kiswahili mpaka Bombay, alikorekodi mwaka 1928.

Funzo tunalolipata ni kwamba usikivu ni ujuzi, na ujuzi unaweza kufundishwa kwa kila mtu. Unakuwa ukuta pale tu unaporithishwa kimyakimya kwa wachache.

Wajibu wa somo letu

Kiswahili kiliwekwa katika Katiba ya Uganda kama lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kiwe somo la lazima shuleni. Katika Nile Magharibi kina historia ndefu ya jeshi, mpaka na soko. Lingekuwa jambo la kusikitisha kikiingia madarasani kama lugha ya kujaza mapengo tu, hali kinaweza kuwa lugha ya kujadili kwa usawa kile ambacho Mlugbara, Mkakwa, Mmadi na Mwalur husikia kila mmoja kwao.

Tunapendekeza hatua rahisi. Mwalimu wa Logiri au Koboko awatume wanafunzi wake kwa wazee na swali moja: “Katika ngoma hii, unajuaje kwamba mpigaji amekosea?” Majibu yaandikwe kwa Kiswahili, pamoja na maneno ya lugha ya mzee mwenyewe, na yasomwe darasani. Kisha ngoma yenyewe isikilizwe, mara ya kwanza kimya, mara ya pili kwa kuhesabu. Mwanafunzi aliyefanya hivyo akikutana na swali la nafasi ya hadhira atakuwa na jibu linalopita makofi na vigelegele. Ataweza kusema ni wapi hasa katika wimbo makofi yalistahili kupigwa, na kwa nini.